Ndege nyuki na kamera zinavyopima miti: Somo kwa misitu ya Katumba

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KWA miaka mingi kupima msitu ilikuwa kazi ya miguu. Ofisa misitu na wasaidizi wake waliingia porini na futi kamba, dira na daftari, wakazungusha utepe kwenye shina la mti mmoja baada ya mwingine, wakakadiria urefu wake, wakaandika na kusonga mbele. Siku nzima ya jasho iliweza kuisha wakiwa wamekamilisha maeneo machache tu ya sampuli.

Hivi sasa ipo njia nyingine. Ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo Watanzania wengi wameizoea kwa jina la ndege nyuki, hupaa juu ya msitu na kupiga mamia ya picha kwa muda usiozidi nusu saa. Kompyuta huziunganisha picha hizo na kuzigeuza kuwa umbo la pande tatu, ambalo mtaalamu huweza kusoma ndani yake urefu wa miti na upana wa matawi yake.

Kwa wakazi wa Katumba, wilayani Mpanda mkoani Katavi, suala hili haliwahusu wataalamu peke yao. Wanaishi ndani ya ukanda wa miombo ambao kila mwaka hupunguzwa na mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Wakati huo huo, katika wilaya jirani ya Tanganyika, vijiji vimekwisha kuanza kulipwa fedha kwa sababu ya miti iliyosimama. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na msitu nao ni mali.

Katumba na miti yake

Katumba ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwa makazi ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Mishamo, iliyo mkoani humo humo, na Ulyankulu ya mkoani Tabora ni makazi mengine ya kundi hilo.

Wakimbizi hao walipewa ardhi ya pori. Walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na baada ya muda wakaweza kujilisha wenyewe. Mwaka 2014 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi la mwaka 1972. Watu waliokuwa wageni wa muda wakawa raia wenye sababu ya kufikiri miaka 50 ijayo, na mti ni zao la miaka 50.

Msitu wa asili wa eneo hilo ni miombo. Miti yake mikuu ni ya jamii ya mtundu, myombo na muba, na katikati yake huota mninga na mkurungu, miti ya mbao yenye thamani kubwa. Mkurungu ulikatwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2019 uliingizwa katika orodha ya pili ya Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe vilio Hatarini, ujulikanao kama CITES. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliamua kuwa aina zote za Afrika za jenasi hiyo, mninga ukiwamo, ziwekwe chini ya udhibiti huo.

Takwimu za taifa zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Tathmini ya Taifa ya Rasilimali za Misitu, maarufu kwa jina la NAFORMA, ilianza mwaka 2009 na ripoti yake kuu ilitolewa mwaka 2015 na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ilikadiria kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu. Hesabu iliyowasilishwa na Serikali katika Umoja wa Mataifa mwaka 2017 ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa hekta 469,000 hivi kila mwaka.

Takwimu za NAFORMA hazikupatikana kwa kukisia. Wapimaji walitembelea maelfu ya maeneo ya sampuli nchi nzima, mengi yakiwa mbali na barabara. Kila eneo lilikuwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 15, yaani karibu sehemu 7 kati ya 100 za hekta. Tathmini kama hiyo hutoa picha nzuri ya taifa, lakini haiwezi kumwambia mkazi wa kata moja kwamba msitu wa nyuma ya shamba lake una miti mingapi na umepungua kiasi gani tangu mwaka jana. Pengo hilo ndilo ambalo ndege nyuki inaweza kuliziba.

Kipimo cha mti kinahitaji nini

Mambo matatu huamua uzito wa mti uliosimama: unene wa shina, urefu, na uzito wa mbao yenyewe kulingana na aina ya mti. Unene hupimwa kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Urefu hukadiriwa kwa hesabu ya pembe. Mpimaji akisimama mita 20 kutoka shinani na kuona kilele kwa pembe ya nyuzi 30, urefu kutoka usawa wa macho yake ni mita 11.5. Akiongeza kimo cha macho yake, anapata mti wa mita 13 hivi.

Vipimo hivyo huingizwa katika fomula ambazo wanasayansi walizipata kwa njia ngumu. Waliikata miti, wakaipima uzito kipande kwa kipande, na mingine wakaichimbua mizizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, na wenzao walifanya kazi hiyo katika miombo ya mikoa minne ya Tanzania, Katavi ikiwa mojawapo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miti 167 ilikatwa na kupimwa ili mamilioni mengine yapate kukadiriwa bila kukatwa.

Mfano unasaidia kuonyesha uzito wa kosa dogo. Kwa fomula ya nchi za kitropiki iliyochapishwa mwaka 2014, ambayo hutumika sana duniani, mti wenye unene wa sentimita 30, urefu wa mita 12 na mbao yenye msongamano wa gramu 0.6 kwa sentimita moja ya ujazo una uzito mkavu wa kilo 353 hivi juu ya ardhi. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Mti huo ukichomwa wote, hewani huingia takriban kilo 600 za hewa ya ukaa.

Mpimaji akikosea urefu kwa mita 2 na kuandika mita 10, uzito unashuka hadi kilo 296. Akikosea unene kwa sentimita 3 tu na kuandika 33, uzito unapanda hadi kilo 425. Kwa hiyo unene wa shina ndio kipimo nyeti kuliko vyote, na ni kipimo hicho hicho ambacho jicho lililo angani haliwezi kukiona.

Ndege nyuki inavyofanya kazi

Zipo aina kuu mbili za ndege nyuki zinazotumika misituni. Ya kwanza ina mapanga kadhaa yanayozunguka, hupaa wima na kuweza kusimama angani mahali pamoja. Inafaa kwa eneo dogo, kwani betri moja hudumu kwa kawaida dakika 20 hadi 30. Ya pili ina mabawa kama ndege ya kawaida. Hukaa angani muda mrefu zaidi na kufunika eneo kubwa, lakini huhitaji uwanja wa kurukia na kutulia, jambo ambalo si rahisi katikati ya miti.

Kabla ya kuirusha, mwendeshaji huchora kwenye kompyuta au simu njia itakayofuatwa, mithili ya mkulima anayekwenda na kurudi na jembe la ng'ombe. Ndege hufuata mistari hiyo yenyewe kwa kuongozwa na setilaiti. Kamera hutazama chini na kupiga picha kila baada ya sekunde chache.

Jambo la msingi ni kupandana kwa picha. Kila picha hutakiwa kurudia takriban asilimia 80 ya iliyotangulia, na kila mstari kurudia asilimia 70 au zaidi ya mstari wa jirani. Misituni wataalamu huongeza viwango hivyo, kwa sababu majani hufanana na kompyuta hupotea kirahisi.

Sababu ya kurudia huko inaeleweka na kila aliyewahi kupanda treni ya Tabora hadi Mpanda. Abiria anayetazama dirishani huona miti ya kando ya reli ikikimbia upesi, huku vilima vya mbali vikisogea polepole. Kwa tofauti hiyo ya mwendo jicho hutambua kilicho karibu na kilicho mbali. Kompyuta nayo hulinganisha tawi moja katika picha kumi au zaidi zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, ikakokotoa tawi hilo lipo wapi hasa na katika kimo gani.

Ndege ikiruka mita 100 juu ya ardhi na kamera ya kawaida ya megapikseli 20, kila nukta ya picha huwakilisha chini ya sentimita 3 za ardhi. Picha za setilaiti zinazotolewa bure, ambazo hutumika kufuatilia misitu ya nchi nzima, zina nukta za mita 10 hadi 30. Katika picha hizo mti mmoja hupotea. Katika picha ya ndege nyuki hata kisiki kipya huonekana.

Kutoka picha hadi kielelezo

Zao la kwanza la kompyuta ni wingu la nukta, yaani mamilioni ya nukta ambazo kila moja ina mahali pake, kimo chake na rangi yake. Likizungushwa kwenye kioo cha kompyuta, wingu hilo huonekana kama msitu wenyewe.

Kutoka hapo hutengenezwa nyuso mbili. Ya kwanza hupita juu ya vilele vya miti, na ya pili hufuata ardhi. Ukitoa ya pili kutoka ya kwanza, kinachobaki ni ramani ya urefu wa miti. Programu kisha hutafuta vilele, ikahesabu miti na kuchora mpaka wa matawi ya kila mmoja. Baadhi ya programu hizo hupatikana bila malipo, ingawa huhitaji kompyuta yenye nguvu na umeme wa uhakika.

Ili ramani ikae mahali pake sawasawa, alama zinazoonekana kutoka angani huwekwa ardhini na kupimwa kwa kifaa cha setilaiti chenye usahihi mkubwa. Bila alama hizo ramani ya mwaka huu na ya mwaka ujao zinaweza kupishana kwa mita kadhaa, na mti ambao haukukatwa ukaonekana umehama.

Tanzania si ngeni katika teknolojia hiyo. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyake kwa ndege nyuki ndogo za mabawa, kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Benki ya Dunia. Vijana wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kuzirusha. Ulikuwa mradi wa ramani za ardhi, lakini ulionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na wazawa.

Kamera chini ya mti

Kwa kuwa shina halionekani kutoka juu, watafiti wameigeuza kamera upande wa pili. Mtu huzunguka mti akipiga picha makumi kadhaa kutoka pande zote, akiwa ameweka fito yenye urefu unaojulikana kando ya shina. Kompyuta hutumia kanuni ile ile kujenga umbo la shina, na unene husomwa katika mita 1.3 au mahali pengine popote.

Njia hii hufaa zaidi kwa miti yenye umbo gumu. Mbuyu, kwa mfano, una mikunjo na mashimo ambayo utepe huyaruka, hivyo ujazo wake hukadiriwa vibaya. Kielelezo cha picha hufuata kila mkunjo.

Tangu mwaka 2020 baadhi ya simu za bei ya juu zimewekewa leza ndogo inayopima umbali wa mita 5 hivi. Kwa shina lililo karibu hilo linatosha. Kwa kilele cha mti wa mita 15 halitoshi.

Leza na tofauti yake na kamera

Leza hutuma maelfu ya miale kwa sekunde na kupima muda ambao kila mwale hutumia kwenda na kurudi. Ubora wake ni kwamba baadhi ya miale hupenya kati ya majani na kufika ardhini. Kamera huona kile tu ambacho mwanga unaonyesha juu.

Tanzania ina mifano ya matumizi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa SUA na wenzao wa Norway walitumia leza iliyofungwa kwenye ndege ya kawaida kukadiria miombo ya Liwale, mkoani Lindi. Mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp na wenzake walitangaza kuwa mti wenye urefu wa mita 81.5, uliopatikana katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro, ndio mrefu kuliko yote iliyowahi kurekodiwa barani Afrika. Urefu huo ulipimwa kwa vifaa vya leza.

Kikwazo ni bei. Ndege nyuki yenye leza hugharimu mara nyingi zaidi ya ile yenye kamera ya kawaida. Kwa halmashauri au kikundi cha hifadhi, kamera ndiyo inayofikika.

Kile ambacho kamera haikioni

Miombo ina sifa inayowapendeza wapimaji. Vilele vyake haviungani kabisa, hivyo kati ya mti na mti ardhi huonekana, tofauti na misitu minene ya Kongo. Hata hivyo ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni majani. Mvua za Katavi hunyesha kuanzia mwezi Novemba hadi Aprili. Mwishoni mwa kiangazi miti mingi hupukutisha majani, na kuanzia Septemba huchipua mapya yenye rangi nyekundu kabla hata mvua haijafika. Ndege ikirushwa wakati miti ikiwa mitupu, ardhi huonekana vizuri lakini vijitawi vyembamba hupotea kwenye kielelezo, na mti huonekana mfupi kuliko ulivyo. Ikirushwa majani yakiwa tele, vilele hukaa vizuri lakini ardhi hufichika. Wenye uwezo hurusha mara mbili, wakachukua ardhi ya kiangazi na vilele vya masika.

Mtego wa pili ni nyasi. Mwishoni mwa mvua nyasi za miombo hukaribia kimo cha mtu na zaidi. Kompyuta inaweza kuzidhania kuwa ndiyo ardhi, na kila mti ukapunguziwa mita moja au mbili. Mfano wa hesabu ulioelezwa hapo juu unaonyesha hasara yake. Moto wa kiangazi huondoa nyasi hizo, lakini moshi wake huziba anga.

Mtego wa tatu ni aina ya mti. Mtundu na muba hufanana mno kutoka angani, ilhali mninga una mbao tofauti na thamani tofauti. Rangi ya majani machanga husaidia kidogo. Mwenye uhakika ni mtu wa mahali hapo anayeujua mti kwa gome, harufu na utomvu wake. Katika Katumba mtu huyo anaweza kuutaja kwa Kirundi, jirani yake akautaja kwa Kikonongo au Kibende, na ofisa akautaja kwa jina la kitaalamu. Orodha ya majina iliyokubaliwa na wote ni sehemu ya vipimo kama utepe ulivyo.

Matokeo ya utafiti yanathibitisha mipaka hiyo. Katika msitu wa jamii wa Muyobe, kaskazini ya Malawi, ambao pia ni wa miombo, Daud Kachamba na wenzake walirusha ndege nyuki na kulinganisha vielelezo na maeneo 107 yaliyopimwa kwa mkono. Katika matokeo yao ya mwaka 2016, kielelezo bora kilieleza takriban theluthi mbili ya tofauti za uzito wa miti kati ya eneo na eneo, lakini kosa kwa eneo moja moja lilikaribia asilimia 47. Makosa hayo hupungua yakijumlishwa katika msitu mzima, kwa kuwa mengine huzidisha na mengine hupunguza. Kwa maneno mengine, ndege nyuki huaminika zaidi inapozungumzia msitu kuliko inapozungumzia mti mmoja.

Karibu zaidi na Katumba, katika bonde la Issa lililo ndani ya mfumo ikolojia wa Mahale, watafiti walirusha ndege nyuki kutafuta viota vya sokwe mtu juu ya miti. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, ulieleza kuwa robo tatu ya sokwe mtu wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika eneo linalozidi kilometa za mraba 20,000, ambalo haliwezi kukaguliwa kwa miguu peke yake. Viota vilionekana, lakini vingi vilikosekana, na kuonekana kwake kulitegemea ukali wa picha na uwazi wa matawi. Kwa hiyo hesabu za ardhini ziliendelea kuhitajika.

Fedha za msitu uliosimama

Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vilivyo kandokando ya milima ya Ntakata vimo katika mradi wa hewa ya ukaa unaosimamiwa na kampuni ya Carbon Tanzania kwa kushirikiana na halmashauri ya wilaya. Vijiji hivyo vilitenga misitu katika mipango yao ya matumizi ya ardhi, vikaweka walinzi, na hulipwa kwa uharibifu uliozuiwa. Malipo yamefikia mabilioni ya shilingi, na sehemu yake imejenga madarasa na zahanati.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa kanuni za usimamizi wa biashara ya kaboni nchini. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, kilichopo SUA mjini Morogoro, kina jukumu la kuratibu takwimu za biashara hiyo.

Jambo la kujifunza ni kwamba biashara hiyo huanza na ushahidi. Mnunuzi huuliza msitu ulikuwa na nini jana, una nini leo na ungekuwa na nini kama usingelindwa. Jamii isiyo na vipimo vyake hutegemea vya mtu mwingine, na katika mazungumzo ya bei anayeshika daftari ndiye anayeshika neno.

Setilaiti nazo zinazidi kuwa na uwezo. Mtambo wa leza uitwao GEDI wa Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, ulipelekwa angani mwaka 2018. Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha setilaiti iitwayo Biomass, yenye rada inayopenya majani hadi kwenye mashina na matawi makubwa. Mitambo hiyo nayo huhitaji kusahihishwa na vipimo vya ardhini. Ndege nyuki hukaa katikati, ikiunganisha utepe wa mkono na jicho la angani.

Sheria na ridhaa ya wananchi

Ndege nyuki si kitu cha kurushwa ovyo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosajili vyombo hivyo na kutoa vibali kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018, na vyombo vya ulinzi huhusishwa katika kibali. Ndani ya hifadhi za taifa, ikiwamo Katavi, kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, kinahitajika pia.

Sheria pekee haitoshi. Wapo wazee wa Katumba ambao wamewahi kukimbia vita, na chombo kinachovuma juu ya paa na kutazama chini kinaweza kuwatia hofu. Mkulima anaweza pia kudhani kuwa picha zinatafuta shamba lake ili ang'olewe. Mkutano wa hadhara kabla ya siku ya kurusha, wenye maelezo ya nini kinapigwa picha, nani atazitunza na wananchi watazionaje, ni hatua ya kazi na si adabu tu.

Lipo pia suala la siri. Ramani inayoonyesha kila mninga na mkurungu mkubwa ni hazina kwa mlinzi, lakini ni hazina vile vile kwa mwenye msumeno. Picha za namna hiyo hazipaswi kuzagaa kwenye simu za kila mtu.

Hatua za kuanzia

Kwa jamii inayotaka kuanza, mpangilio wa kazi unajulikana. Kwanza, mipaka ya msitu ikubaliwe na iandikwe. Pili, vijana wachache wa mahali hapo wafunzwe kupima kwa utepe na kutaja miti, na maeneo ya sampuli ya kudumu yawekewe alama. Tatu, ndege nyuki irushwe juu ya maeneo hayo kwanza, ili vipimo vya angani vilinganishwe na vya ardhini. Baada ya hapo ndipo msitu mzima upigwe picha, na kazi irudiwe mwezi ule ule kila mwaka, kwa kimo kile kile na alama zile zile.

Mwaka wa kwanza hutoa ramani tu. Mwaka wa pili huonyesha mabadiliko, na kufikia wa tano huwa kuna ushahidi ambao jamii inaweza kuuweka mezani mbele ya mnunuzi wa kaboni, mvunaji wa mbao au mahakama.

Utepe, kwa hiyo, haujastaafu. Kazi yake imebadilika: badala ya kupima msitu wote, sasa hupima sehemu ndogo kwa usahihi mkubwa ili kamera ipate cha kujirekebishia. Anayeushika bado ni mtu wa Katumba anayeujua mti kwa jina lake, naye anastahili kuwamo katika hesabu ya kazi na katika hesabu ya mapato.